Fundi na Kikundi cha Wanaume

Kila asubuhi mama mmoja, fundi wa mtaa, alishona sare za shule, chupa ya chai kando ya cherehani. Watu walimsifu kwa mshono wake ulionyooka. Hawakujua kwamba chupani hamkuwa na chai bali pombe. Mwanamume akilewa, mtaa hucheka ukampeleka nyumbani. Mama wa watu akilewa, mtaa hutema mate. Kwa hiyo alikunywa kwa siri.

Siku moja binti yake alimkuta amelalia cherehani. Pasi ilikuwa inaunguza sare, na mjukuu anatambaa chini ya meza. Binti alimbeba mtoto wake.

"Mama, nakupenda. Lakini mwanangu sikuachii tena."

Yalimchoma maneno hayo. Akaacha pombe siku ileile, peke yake. Kesho yake mikono ilitetemeka, jasho likamtoka, binti akamkimbiza zahanati. Muuguzi aliwaeleza kuwa mnywaji wa kila siku asiache ghafla bila matibabu. Anaweza kupata degedege, hata kufa. Alitibiwa siku tano, kisha akaelekezwa kwenye kikundi cha walioacha pombe.

Basi huko akakuta wanaume kumi na mmoja. Walimkaribisha kwa heshima zote, wakampa birika. Naye kwa mazoea akamimina chai. Wiki tatu alimimina na kuosha vikombe, wenzake wakisimulia ngumi walizopiga na kazi walizopoteza. Kila zamu yake ya kusimulia ilipofika, alikuwa na vikombe vya kuosha. Wiki ya nne kiu ikamrudia.

Muuguzi yuleyule, aliyesimamia kikundi, aliona. Akamvuta pembeni, akamuuliza kama amekuja kutibiwa au kuhudumia karamu.

"Mwanangu, mimi ni bibi wa mtu. Nitaanzia wapi?"

"Ugonjwa ni mmoja, mama, ila aibu hazifanani. Sema ya kwako. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Wiki iliyofuata fundi aliweka birika mezani, akakaa.

"Leo kila mtu ajimiminie. Mimi nilikunywa kwenye chupa ya chai, mjukuu wangu akiwa miguuni."

Kisha mwashi mmoja akafuta macho. Mke wake naye alikuwa anajificha hivyo hivyo, akasema, na yeye alidhani mgonjwa nyumbani ni mmoja. Wiki iliyofuata alimleta. Wakafuata wanawake wengine, mpaka wakapata siku yao wenyewe.

Mwezi wa nane bila tone, binti alipita asubuhi akiwahi kazini. Hakuuliza kitu, wala hakumnusa mama yake pumzi. Alimkabidhi mtoto, akaondoka bila kugeuka nyuma.