Vumbi la Chumba cha Mbele

Mama Pacha alikuwa na mkono mwepesi. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi wa magitaa. Yeye ndiye aliyepasua mbao, akazipinda kwa joto na kuziunganisha kwa gundi. Mkewe ndiye aliyepiga msasa. Wanamuziki walikuwa wakipitisha vidole kwenye shingo ya gitaa na kusema, "Hapa amepita mama mwenyewe."

Kazi ilifanyika katika chumba cha mbele. Ufundi huo, pamoja na meza, randa na patasi, Baba Pacha aliurithi kwa marehemu baba yake. Dirisha lilikuwa moja tu, nalo halikufunguliwa, maana fundi hakutaka upepo upoze gundi. Jioni Mama Pacha alifagia. Vumbi jekundu la mbao ngumu lilipanda hadi darini, likashuka taratibu juu ya viti, vikombe na nywele za watoto.

Kikohozi chake kilianza kama mzaha. Mwaka wa kwanza walisema ni mafua. Mwaka wa pili walisema ni baridi. Mwaka wa tatu alikuwa akienda sokoni anasimama njiani mara mbili, anajifanya kutafuta kitu kwenye mkoba, kumbe anatafuta pumzi. Alikunywa dawa ya kikohozi chupa nne. Wapi.

Kisha akaenda kumsalimia dada yake, akakaa wiki nzima. Kifua kikatulia. Aliporudi nyumbani na kushika msasa, siku ya pili kikambana tena.

Kliniki walimpima makohozi. Hakuwa na kifua kikuu. Muuguzi aliyempa majibu alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Tunatengeneza magitaa."

"Nani anapiga msasa?"

"Mimi."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Na ukiwa mbali na nyumbani, kifua kinakuwaje?"

"Kinapata nafuu," alijibu Mama Pacha. Jibu alikuwa nalo mwenyewe, ila miaka mitatu hakuna aliyemuuliza.

Muuguzi akampulizisha kwenye kifaa cha kupima pumzi, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. "Dawa hii itakusaidia," alisema, "lakini haitashinda vumbi la kila siku. Jumamosi nitakuja nione mnapofanyia kazi."

Jumamosi akaja. Baba Pacha alimkaribisha kwa heshima, akampa kiti, lakini uso aliukunja.

"Dada, vumbi ndiyo kazi yenyewe. Baba yangu alifanya kazi hii miaka arobaini. Hakufunika pua hata siku moja."

Muuguzi hakubishana naye. Alizima taa, akafungua dirisha kidogo tu, upenyo wa kidole. Mstari wa jua ukaingia. "Hebu kung'uta aproni yako, kaka."

Fundi akaikung'uta. Chumba kizima kikajaa. Vumbi lilizunguka ndani ya ule mwanga kama moshi. Wakangoja. Dakika zikapita, bado linaelea.

"Lile zito limeshaanguka," alisema muuguzi. "Hili jepesi ndilo linalofika ndani kabisa ya mapafu. Kwa kawaida hamlioni, lakini mnalivuta kutwa."

"Baba alifanya miaka arobaini," Baba Pacha akarudia, safari hii kwa sauti ya chini.

Mama Pacha akamtazama. "Baba watoto, baba alikufaje?"

Miaka miwili ya mwisho, mzee hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, mito mgongoni, na Mama Pacha ndiye aliyempangia mito hiyo.

"Tulisema ni uzee," alisema fundi. "Alikuwa na miaka hamsini na minane."

"Sikumpima mzee," alisema muuguzi. "Siwezi kusema kilichomuua. Lakini huyu nimempima."

Baba Pacha akakaa juu ya meza yake ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Usiniambie niache kazi, dada."

"Sijasema uache. Badilisha namna ya kuifanya. Msasa upigwe nje, upepo ukiwa mgongoni kwenu. Vaeni barakoa ya kuzuia vumbi, inayobana uso vizuri. Kitambaa cha kawaida hakitoshi. Msifagie vumbi kavu, panguseni kwa kitambaa kibichi. Nguo za kazi zibaki huku, na muoge kabla ya kuwabeba watoto."

Jumatatu walijenga kibanda cha bati uani, hakina kuta. Baba Pacha alivaa barakoa, na wale pacha wakamkimbia baba yao wakidhani ni daktari wa sindano.

Kulikuwa na badiliko lingine gumu zaidi. Fundi alimpa mkewe kipande chembamba cha chuma cha kukwangulia mbao. Chuma hicho hutoa maranda badala ya vumbi jingi, na msasa hubaki wa kumalizia tu. Wiki ya kwanza Mama Pacha aliharibu mgongo mzima wa gitaa, akalia. Alidhani mkono wake umepotea. Wiki ya tatu maranda yakaanza kutoka membamba kama ganda la kitunguu, yakaanguka miguuni na kutulia pale pale.

Miezi sita baadaye akapuliza tena kile kifaa kliniki. Kipimo kilikuwa kimepanda.

"Huenda pumzi yote isirudi," muuguzi alimwambia bila kumficha. "Ila imeanza kurudi, na hilo si dogo. Endelea hivyo hivyo."

Siku moja jirani yao, seremala wa vitanda, alichungulia uani akacheka. "Baba Pacha, siku hizi unaogopa mbao?"

Zamani fundi angemjibu kwa utani. Sasa aliweka gitaa chini, akavua barakoa.

"Baba yangu alikata pumzi akiwa ameketi," alisema. "Na mimi nikamkabidhi mke wangu vumbi lile lile."

Seremala aliacha kucheka. Akatazama mikono yake, imejaa unga wa mbao mpaka viwikoni.

"Mke wangu ndiye anayepiga msasa vitanda vyote," alisema polepole. "Anakohoa tangu mwaka jana."

Mama Pacha akainuka, akapangusa mikono kwa kitambaa kibichi.

"Twende nikamwone," alisema, akatangulia njia.