Kiti cha Karibu na Soketi

Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa na vyumba viwili na bati lisilo na dari. Ikifika saa nne asubuhi, mle ndani mlifukuta kama chungu kilichofunikwa. Upepo wa bahari ulileta unyevu na chumvi. Misumari ya mlango ilishika kutu, nguo zilikauka nusu, na kompyuta yake ilichemka mpaka ikajizima yenyewe. Umeme nao ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Mapacha wake walikuwa na miaka minne. Mmoja akilala, mwenzake anaamka.

Kwa hiyo kila asubuhi Mama Pacha alitia kompyuta kwenye mkoba, akaubeba mgongoni, akatoka.

"Unakwenda kukaa tena?" mama mkwe wake aliuliza. Ndiye aliyebaki na watoto.

"Nakwenda kazini, mama."

"Haya. Enzi zetu aliyeshinda amekaa tulimwita mgonjwa."

Mama Pacha alikaza mkoba mgongoni. Alitembea dakika ishirini juani hadi kwenye mgahawa wenye kiyoyozi, ambao mmiliki wake aliruhusu watu kukaa na kompyuta zao kutwa nzima, mradi wanywe kitu.

Kazi yake ilikuwa kujibu wateja wa kampuni iliyouza magodoro katika nchi ya mbali. Mteja anaandika, yeye anajibu kwa maandishi. Godoro limekuja dogo. Godoro linanuka. Godoro limepelekwa kwa jirani, na jirani amelilalia. Kila ujumbe ulitakiwa kujibiwa ndani ya dakika mbili. Kampuni ilimchukua kwa majaribio ya miezi sita, na sasa alikuwa katika mwezi wa tano. Akifaulu, angekuwa mfanyakazi wa kudumu. Akipata maonyo matatu, basi, kazi imekwisha. Alikuwa tayari na onyo moja.

Mgahawa ule ulikuwa na meza nyingi, lakini soketi za umeme zilikuwa nne tu. Hapo ndipo penye shida. Betri ya kompyuta yake ilikuwa imezeeka, haikumaliza hata saa moja bila waya. Ukitoka kwenye kiti cha karibu na soketi, ukirudi unakuta mtu amekaa, chaja yako imechomolewa, na anakutazama kama wewe ndiye mwizi. Na kompyuta ukiiacha mezani, nani anakulindia? Watu wa pale hawakusalimiana. Kila mtu alijaza masikio yake kwa vile vifaa vya kusikilizia, akainama. Mama Pacha alikuwa amekaa miezi mitano kiwiko kwa kiwiko na mwanamume mmoja mchora ramani za nyumba, ambaye hakuvua kofia hata ndani. Alimwita Kofia, moyoni mwake tu. Hawakuwa wamewahi kusemezana.

Basi Mama Pacha akabuni dawa ya shida yake. Alikaa saa tano, saa sita, bila kuinuka. Ili asiende msalani, aliacha kunywa maji. Aliagiza kikombe kimoja cha kahawa asubuhi na kingine mchana. Kiyoyozi kilimpuliza, hakusikia kiu, akaona mambo yako sawa. Haja ndogo ikimbana, alibadilisha mguu wa kukunja.

Aliona amepata akili. Kumbe alikuwa anajitafutia ugonjwa.

Kwanza kilikuja kichwa. Kila jioni kiliuma kama kimefungwa kamba. Halafu mkojo ukawa mchache, mweusimweusi, wenye harufu kali. Siku moja akahisi unamchoma. Siku ya pili ukamchoma zaidi. Alikuwa akitoka msalani, kabla hajafunga mlango, anabanwa tena, na akirudi hayatoki ila matone.

Mumewe alikuwa fundi wa viyoyozi. Alirudi jioni na vumbi la vichujio kichwani, akamkuta mkewe amejikunja kitandani.

"Ni baridi hiyo," alisema. "Kile kiyoyozi chao nimekiona. Kinakupiga kiunoni."

"Baba Pacha, wewe kila ugonjwa ni kiyoyozi."

"Nakwambia kitu ninachokifahamu."

"Unafahamu viyoyozi. Kiuno changu hukukifunga wewe."

Mumewe akacheka. Yeye hakucheka. Siku iliyofuata alipita duka la dawa, akanunua vidonge vya maumivu, akameza viwili kwa kahawa. Na kwa kuwa mkojo ulimchoma, akapunguza maji zaidi, ili usije kabisa. Hilo lilikuwa kosa juu ya kosa.

Siku ya Jumatano mambo yaliharibika. Saa tano asubuhi alikuwa anamjibu bibi mmoja aliyetumiwa magodoro mawili badala ya moja. Tumbo la chini likambana mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile. Alivumilia dakika kumi. Hakuweza tena. Akachomoa chaja, akakumbatia kompyuta ikiwa wazi, akakimbilia msalani. Huko akaiweka magotini, akawa anaandika kwa mkono mmoja. Mtandao haukufika chooni. Yule bibi aliandika mara tatu, "Upo? Upo? Upo?" kisha akaondoka kwa hasira.

Mama Pacha alipotoka, kiti chake kilikuwa na mtu. Kwenye kompyuta kulikuwa na onyo la pili.

Alisimama katikati ya mgahawa, waya unaning'inia mkononi. Alikuwa na homa, ila hakuwa amejua. Aliyemwona ni Kofia. Alitoa vifaa masikioni, akainuka.

"Dada, kaa hapa kwangu."

"Hapana, kaka, nitapata kwingine."

"Kaa. Umepauka. Una nini?"

Mama Pacha alitaka kusema hana kitu. Mdomo ukakataa. "Naumwa," alisema. "Mgongo huu, huku ubavuni. Tangu jana."

"Sasa unaumwa unajibu nini humo? Zahanati iko nyuma ya jengo hili. Nenda. Hiyo mashine nenda nayo, usije ukaiwaza."

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Alimpima joto, akamwuliza maswali, akampa kikopo cha mkojo. Kilichotoka hakikufika hata robo. Muuguzi alikiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Dada, leo umekunywa nini?"

"Kahawa."

"Jana?"

"Kahawa."

"Maji je?"

"Maji sinywi."

"Unaona rangi hii?" muuguzi alisema. "Hii ni chai ya rangi iliyokolea. Mkojo wa mtu anayekunywa maji ya kutosha ni wa manjano hafifu, kama majani makavu. Una mimba?"

"Sina. Wale wawili wananitosha."

"Nauliza kwa sababu mjamzito ana dawa zake, si zote zinamfaa. Subiri nipime."

Majibu yalipotoka alimketisha karibu.

"Una maambukizi kwenye njia ya mkojo. Nitakueleza yanavyokuja. Vijidudu vinaweza kuingia kwenye njia hiyo, kwa wanawake hasa, maana njia yetu ni fupi. Ukinywa maji na ukaenda haja kila unapobanwa, mkojo unavisukuma nje. Usipokunywa, na ukibana saa tano, umevifungia ndani. Vinazaana. Vikishapanda juu kwenye figo, ndipo mtu anapata homa na maumivu ya ubavu kama wewe. Mwanzoni ulipochomwa ndipo ulitakiwa kuja. Ulifanya nini?"

"Nilinunua vidonge."

"Vya maumivu?"

"Ndiyo."

"Vimenyamazisha kelele tu. Ugonjwa umeendelea na safari yake." Muuguzi alitikisa kichwa. "Sikukaripii. Lakini kwa nini mtu mzima akae hanywi maji?"

Mama Pacha akamweleza habari ya kiti, soketi, kompyuta na magodoro. Alipofika pale pa kukimbia na mashine chooni, muuguzi aliuma mdomo ili asicheke, akashindwa. Mama Pacha naye akacheka, huku anashika ubavu.

"Wewe si wa kwanza," muuguzi alisema. "Walimu wanakuja, madereva wanakuja, wauza duka wanakuja. Wote wanajibania kwa ajili ya kazi. Sasa sikiliza. Dawa hizi ni za siku saba. Siku ya tatu utajisikia mzima. Usiache. Maliza zote. Homa ikizidi au ukianza kutapika, rudi siku hiyohiyo, usingoje kesho. Na usimgawie mtu dawa zako."

"Na maji, ninywe ndoo?"

"Ndoo ya nini? Kunywa kidogo kidogo kutwa nzima. Usingoje kiu, kwenye kiyoyozi kiu inakudanganya. Tazama rangi ya mkojo, itakwambia. Mwenye ugonjwa wa kudumu wa figo au wa moyo ndiye anayepaswa kumwuliza daktari kwanza. Ukibanwa, nenda. Na ukimaliza, jifute kutoka mbele kwenda nyuma, wafundishe na watoto wako."

"Wangu wa kiume wote wawili."

"Basi wafundishe kulenga."

Mama Pacha alirudi nyumbani akalala. Mama mkwe alimletea maji ya kuchemshwa yaliyopoa, akasimama mlangoni mpaka yakaisha. Hakusema neno juu ya kukaa.

Iliyokuwa inamtia hofu ni barua ya kumwandikia msimamizi wake. Wao wawili hawakuwa wamewahi kuonana. Alijua jina tu na jumbe zake fupifupi. Mumewe alikaa kando ya kitanda.

"Andika ukweli," alisema.

"Nikisema naumwa wataona sifai. Nina maonyo mawili."

"Usiposema utapata la tatu, na ugonjwa utabaki nao."

Aliandika mistari minne. Alisema anaumwa, anaomba siku mbili, na kwamba hakuinuka kitini kwa kuogopa kuchelewesha wateja. Akatuma, akaigeuza simu kifudifudi.

Majibu yalikuja kabla ya jioni. "Pumzika siku mbili. Kwenye ukurasa wako wa kazi kuna kitufe cha mapumziko, dakika kumi, mara nne kwa siku. Ukikibonyeza, wateja wanapelekwa kwa mwingine. Hujakibonyeza hata mara moja tangu uanze. Nilidhani kwako kimeharibika."

Mama Pacha alisoma mara mbili. Kile kitufe alikuwa akikiona kila siku. Alidhani ni mtego. Alidhani kila anayekibonyeza anaandikwa mvivu mahali fulani.

"Miezi mitano," alimwambia mumewe. "Nimejibana miezi mitano bure."

"Si ungeuliza?"

"Ningemwuliza nani? Kule kila mtu ana masikio ya plastiki."

Aliporudi mgahawani, bado dhaifu, alimkuta Kofia mahali pake pa siku zote, na kiti cha kando kiko wazi. Safari hii alimgusa bega kwanza.

"Kaka, asante ya siku ile."

"Umepona, dada?"

"Naendelea na dawa. Nina ombi. Nikitoka dakika kumi, nitazamie kiti na mashine. Na wewe ukitaka kutoka, nitakutazamia."

Kofia alisogeza kiti nyuma. "Unajua mimi tangu asubuhi sijatoka?"

"Sasa ni saa saba!"

"Ndiyo maana sicheki."

"Nenda! Nenda, mtu mzima wewe, nakaa hapahapa."

Kofia alikwenda karibu mbio. Walioketi kwenye soketi mbili nyingine waliona, wakatoa vifaa masikioni. Kufika mwisho wa wiki ile, watu wanne wa soketi nne walikuwa wamekubaliana. Atokaye anafunga kompyuta yake kwa neno la siri, anamwambia wa jirani, anakwenda. Hakuna kuchomoa chaja ya mtu. Mhudumu, alipoona hivyo, akaanza kuwaletea jagi la maji mezani bila kuombwa.

Mama Pacha alimaliza dawa zote. Kuchomwa kuliisha, homa ikaisha, na kile kichwa cha jioni kikapotea polepole. Alibonyeza kitufe mara nne kila siku. Wateja hawakupotea. Tena alipokaa bila kubanwa, alijibu upesi zaidi, na onyo la tatu halikuja.

Usidhani uchovu uliisha. Nyumbani bati lilikuwa lilelile, mapacha walikuwa walewale, na magodoro hayakukoma kunuka. Jioni alirudi miguu mizito. Lakini alirudi akiwa mzima.

Siku ya mwisho ya mwezi wa sita, saa nane mchana, alikuwa msalani. Alisikia mlango wa nje unagongwa.

"Dada!" Ilikuwa sauti ya Kofia. "Simu yako uliyoiacha mezani imepokea ujumbe, wa msimamizi. Mwanzo wake unaonekana. Niusome au niunyamazie?"

Alitaka kusema subiri. "Soma!"

"Anasema, 'Hongera, umepita majaribio. Kuanzia kesho wewe ni mfanyakazi wetu wa kudumu.' Mengine hayaonekani."

Maji ya bomba yalikuwa yanadondoka kwenye beseni. Mama Pacha aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.

"Dada? Umesikia?"

"Nimesikia, kaka. Nina dakika sita zimebaki. Niache nizimalize."