Mwandani wa Regensburg

Mwandani alifungua kifua chake, na daraja likaanza kujengwa upya mbele ya Saumu Mbaruku. Mwanga mweupe ulimwagika juu ya mto Danubi, na ndani yake wakatokea waashi wa karne ya kumi na mbili, wameinama, wanachonga mawe, wanatukanana, wanafuta jasho. Mmoja alipita karibu mno hata Saumu akasogea kumpisha. Kisha mwandani akafunga kifua. Waashi wakatoweka, na Daraja la Mawe la Regensburg likabaki lilivyo, kuukuu na tulivu.

"Usiwapishe mizimu, dada," Ngereza alimtania. "Utachoka kabla ya chakula."

Bwana Ngereza alikuwa afisa wa ustawi wa Kampuni ya Liwazo, na ndiye aliyemleta kutoka Tanga. Alimweleza kwamba mwandani, mashine ile yenye umbo la mtu na uso laini usio na sura, huendeshwa na akili mnemba tupu. Mwanga wake waliuita mwangakale. Mwandani alijua kila jiwe la mji, kila askofu, kila moto uliowahi kuunguza paa, na alisema lugha ya mgeni yeyote. Siku hiyo alisema Kiswahili, tena cha Tanga, na hilo lilimfurahisha Saumu kuliko mawe yote.

Lakini Saumu hakuja kutalii. Alikuwa fundi wa lifti, na mdogo wake, Hatibu, alikuwa mlalakazi. Kila siku Hatibu alivaa kofia ya mawimbi, akalala kwenye kitanda cha kampuni, na ubongo wake ukakodishwa usingizini kwa ajili ya hesabu. Hesabu gani, hakuna aliyewaambia. Majirani walimcheka kwamba amepata ajira ya paka. Kisha akaanza kusahau. Kwanza alisahau njia ya msikitini. Halafu siku moja akamuuliza Saumu mama atarudi saa ngapi kutoka sokoni, na mama yao walikuwa wamemzika mwaka uliopita.

Daktari wa kampuni alisema ni uchovu. Mkataba haukumruhusu Hatibu kuacha. Alipotangazwa mlalakazi bora, zawadi ikawa safari ya Ulaya kwa ndugu yake mmoja, na Saumu akaipokea kwa sababu moja tu: Ngereza aliahidi kwamba matembezi yakiisha atamkutanisha na wakubwa, awaombe wamwachilie mdogo wake kabla hajasahau kila kitu.

Basi akatembea. Mwandani aliwaonyesha kanisa kuu lenye minara miwili, akasimulia hekaya ya mjenzi wa daraja aliyeshindana na mjenzi wa kanisa. Mjenzi wa daraja aliomba msaada kwa shetani, akamwahidi roho za watakaovuka kwanza, na daraja lilipokamilika akavusha jogoo, kuku na mbwa. Saumu akauliza shetani alifanyaje. Mwandani akajibu kwamba alinuna, akajaribu kuling'oa kutoka chini, ndiyo maana hadi leo lina kigongo katikati. Saumu alicheka mpaka akajishangaa. Alikuwa hajacheka muda mrefu.

Mchana waliketi kwenye mkahawa kando ya mto. Ngereza aliagiza soseji, Saumu samaki. Saumu alisukuma uma pembeni, akatazama huku na huku akitafuta pa kunawa.

Mwandani, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama kando, alichukua jagi la maji na bakuli tupu. Akatupia kitambaa bega la kushoto. Akapiga goti moja. Kabla ya kumnawisha, alidondosha maji kidogo juu ya kifundo cha mkono wake wa chuma, kama mtu anayepima joto.

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemnawisha hivyo. Hatibu akiwa mdogo aliwahi kumwagia dada yake maji ya moto, na tangu hapo hakumnawisha mtu kabla ya kuyapima kwenye mkono wake mwenyewe.

"Hatibu," alisema.

Maji yaliendelea kumiminika hadi bakuli likafurika.

"Niko kazini, dada," akajibu, kwa sauti ileile ya kuongoza watalii. "Mama amesharudi sokoni?"

Mikono ya Saumu ilibaki hewani, inachuruzika. Alimgeukia Ngereza, na Ngereza akaitazama sahani yake.

Hatimaye akasema, kwa sauti ya chini. Akili mnemba peke yake haitoshi. Watalii huichoka upesi, wanataka mtu wa kutania na kununa. Kwa hiyo kila mwandani huendeshwa na ubongo wa mlalakazi, na kwa mgeni wa Tanga mtambo huchagua mlalakazi wa Tanga. Saumu akamuuliza kuhusu kusahau.

"Miaka mia tisa ya mji lazima ikae mahali," Ngereza alisema. "Ubongo una nafasi yake. Tunaondoa yasiyotumika."

"Mama yetu hatumiki?"

"Kula kwanza, dada."

Saumu hakula. Aliona kikato chekundu, swichi ya kukatia umeme kwa dharura, kwenye kisogo cha mwandani, kama vile vya lifti zake, akauliza kikivutwa itakuwaje. Ngereza alimjibu haraka, akidhani anamtisha. Mlalakazi ataamka bila madhara, ila wandani wote wa mji wamefungwa mnyororo mmoja na wote watazimika. Kampuni itaaibika, na Hatibu atafukuzwa leo leo.

"Si mlisema hawezi kuacha?"

"Kuacha ni kuacha. Kufukuzwa ni kufukuzwa."

Saumu akasimama. Alishika shingo ya mwandani kwa upole, akainama sikioni.

"Amka, Hatibu. Nenda nyumbani."

Akavuta.

Mwandani alianguka kifudifudi, na jagi likapasuka. Kule darajani mianga ilizimika mmoja baada ya mwingine, na mayowe yakapanda kutoka kwa watalii walioachwa ghafla na mawe matupu.

Muda si muda simu ya Saumu ikaita. Hatibu alikuwa akihema kama aliyeokolewa majini. Alimtambua, akamwita dada. Saumu akamuuliza kama anamkumbuka mama. Hatibu alifikiri, kisha akaanza kumweleza, kwa uchungu wa kweli, juu ya mwanamke aliyesimama ukingoni mwa Danubi akimlilia mwanawe mwashi aliyezama. Huyo ndiye mama aliyemkumbuka. Saumu alimwacha amalize. Kisha akamwambia avue kofia, atoke nje, amngoje nyumbani. Habari za mama yao atamsimulia yeye, dada yake, tangu mwanzo.

Alipokata simu, wageni walikuwa wamewazunguka. Ngereza, uso umempauka, alikuwa akisikiliza wakubwa kwenye kisikizi cha sikioni. Walisema wangeihesabu kuwa ajali, na Hatibu angerudishiwa kitanda chake, ilimradi Saumu awaombe wageni radhi hapohapo, mbele ya watu.

"Neno moja tu, dada," Ngereza alimsihi. "Halitakuumiza."

"Siombi," alisema Saumu.

"Hata kwa hawa wageni? Wao wamekosa nini?"

Saumu aliwatazama, mmoja mmoja.

"Hata kwao. Siombi radhi."