Safu Isiyomwagiwa Maji

Likizo nzima Cosima aliamka mapema kuliko siku za shule, jambo lililomshangaza sana mama yake. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshakunywa maziwa, ameshafunga kamba za viatu vyake vizito, na amesimama mlangoni akimsubiri babu yake, Mzee Vitantonio, fundi wa paa za mawe. Wakatoka pamoja, babu na mfuko wa nyundo, mjukuu na kikapu cha chakula: mkate mkavu, nyanya, vitunguu na chupa ndogo ya mafuta ya zeituni. Vichochoro vya mji wao, Alberobello, vilikuwa bado tulivu. Watalii, ambao hutoka pembe zote za dunia kuja kupiga picha zile nyumba nyeupe zenye paa zilizochongoka, walikuwa bado wamelala.

Nyumba ya namna hiyo huitwa trullo, na trullo la Bi Annina lilikuwa limechoka. Majira ya baridi yaliyopita mvua ilipenya ikamlowanisha kitandani, mama wa watu akakohoa hadi Pasaka. Tangu mwezi wa sita alikuwa amehamia kwa dada yake, na kila jioni alipita kuuliza paa limefika wapi.

"Jumapili mwanangu anafika kutoka Ujerumani na watoto wake, waje wakae mpaka sikukuu ya mji," alisema. "Nataka walale kwangu, si kwa dada yangu. Dada yangu anakoroma mpaka vikombe vinatikisika."

Paa la trullo halina saruji hata kijiko. Ni vibamba vya mawe tu, safu juu ya safu, na kila safu ni duara dogo kuliko lililo chini yake, mpaka juu kabisa panapokaa jiwe la kilele. Siri yote imo katika kulaza kibamba. Lazima kiinamie nje kidogo, ili mvua iteremke kuelekea kichochoroni. Kwa hiyo fundi huweka kijiwe chini ya mkia wa kibamba, ule upande wake wa ndani, kisha hujaza vipande vya mawe nyuma yake, kimoja kimoja, mahali ambapo hakuna mtalii atakayepapiga picha. Mzee Vitantonio alikuwa na kanuni moja zaidi. Kila safu ilipokwisha, alichukua kikombe cha bati akaimwagia maji pande zote. Maji yakitoka nje, kazi inaendelea. Yakiingia ndani, safu inang'olewa.

Kwa miaka mitatu kazi ya Cosima ilikuwa kuchagua vibamba na kuvipandisha kwa ndoo. Mwaka huu alitimiza miaka kumi na miwili, na babu akamruhusu kulaza. Baba yake mdogo, Donato, aliyekuwa msaidizi wa babu, hakupendezwa.

"Baba, tangu lini ukoo wetu ukawa na fundi wa kike?" aliuliza.

"Tangu Jumatatu," Mzee Vitantonio alijibu, akaendelea kugonga jiwe.

Cosima alifurahi kupita kiasi. Alitaka kuwa fundi kweli, si mtoto wa kubeba ndoo, na alijua kwamba Donato anamvizia akosee.

Mambo yaliharibika Jumanne. Jioni ilipoanza kupoa, babu alikuwa uani akichonga vibamba na Donato amekwenda kuleta mawe. Cosima alikuwa peke yake juu, upande unaotazama ukuta wa jirani, na mbele yake kulikuwa na theluthi moja ya safu kumaliza. Mara akasikia sauti ya Gianna, binti wa shangazi yake, kutoka chini.

"Cosima! Wanainua matao ya taa za sikukuu barabara kuu! Bendi nayo imeanza kujaribu vyombo!"

"Nina kazi."

"Haya, kaa na mawe yako. Wenzako wote wako huko. Hata yule Michele mwenye tarumbeta yuko."

"Mimi na tarumbeta wapi na wapi?" Cosima alisema, lakini masikio yalimwasha moto.

Akaanza kulaza haraka haraka. Cha kwanza alikiwekea kijiwe, cha pili kijiwe, cha tatu akaona kimetulia chenyewe, akakiacha. Vilivyobaki akavibwaga bapa, kama mtu anayepanga sahani mezani. Nyuma ya vibamba, badala ya vipande vya mawe, akamwaga ndoo mbili za vumbi la mawe yaliyochongwa, akalisawazisha kwa kiganja. Kwa nje safu ilipendeza sana.

Alikuwa ameshafika katikati ya ngazi babu alipomwuliza bila kuinua kichwa, "Umemwaga maji?"

"Nimemwaga, Babu."

"Yametoka?"

"Yametoka yote."

"Vizuri. Nenda kawaone wenzako."

Mzee hakupanda kukagua. Kesho yake yeye na Donato waliweka safu nyingine juu ya ile, na nyingine, na nyingine. Duara lilizidi kuwa dogo na kazi ikaenda mbio. Kufikia Alhamisi alasiri safu tisa zilikuwa juu ya safu ya Cosima, na jiwe la kilele lilikuwa tayari limepakwa chokaa, likingoja Jumamosi.

Cosima alijipa moyo. Pengine maji yatatoka yenyewe. Pengine mvua mwaka huu itakuwa chache. Lakini kila Donato alipomtazama alidhani ameshajua. Alhamisi hiyohiyo Bi Annina alikuja na sahani ya biskuti za lozi, na nyuma yake wapwa zake wawili wamebeba kitanda.

"Kiwekeni palepale pa zamani," aliwaambia. Kisha akamshika Cosima mashavu. "Na wewe mwanangu, Mungu akubariki mikono hiyo. Babu yako ameniambia umelaza upande ule wote. Mwaka huu nitalala mkavu."

Cosima akachungulia ndani. Kitanda kilikaa upande wa ukuta wa jirani, chini kabisa ya vile vibamba bapa. Alishika biskuti mkononi mpaka ikawa makombo. Aibu ilimjaa, na zaidi ya aibu, huruma kwa yule mama aliyemshukuru kwa kitu kibovu.

Ijumaa asubuhi walifika kazini kama kawaida. Babu alipoinama kufungua mfuko wa nyundo, Cosima alisema kwa pumzi moja, "Babu, safu ya Jumanne sikuimwagia maji. Vibamba vyangu nimevilaza bapa, na nyuma nimejaza vumbi. Nilikudanganya."

Mzee Vitantonio alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Donato ndiye aliyepaza sauti. "Si nilisema? Safu tisa! Siku mbili za kazi zimekwenda na maji! Angebaki kubeba ndoo huyu."

"Nimekusikia," babu alisema. "Panda uanze kufungua. Taratibu, usivunje hata kimoja." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Wewe nenda kwa Bi Annina umweleze. Mimi sitakusemea."

Nyumba ya dada yake Bi Annina haikuwa mbali, ila siku hiyo Cosima aliona njia haiishi. Bi Annina alisikiliza yote, hadi bendi na tarumbeta, akiwa ameshika ufagio, na uso wake ukabadilika.

"Kwa hiyo Jumapili mwanangu atakuja kulala hapa, kwa sababu ya tarumbeta," alisema.

"Ndiyo, Bi Annina. Nisamehe."

"Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nimekasirika." Akafagia kidogo, akasimama. "Ungenyamaza ningekohoa tena mpaka Pasaka. Rudi kazini."

Aliporudi, safu tisa zilikuwa zikishuka, kibamba kwa kibamba. Zilipokwisha, babu alimwita juu kwenye jukwaa la mbao, akampa kile kikombe cha bati, akaonyesha safu ya Jumanne.

"Mwaga sasa."

Cosima akamwaga. Maji yalisimama juu ya vibamba kana kwamba yanafikiri, halafu yakarudi nyuma, yakalowanisha vumbi, yakapotea ndani. Haukupita muda wakasikia matone yakianguka chini, juu ya mbao za kitanda cha Bi Annina. Cosima akaanza kuchota lile vumbi kwa mikono.

Ilibidi waombe ruhusa ya padri kufanya kazi Jumapili, naye alitoa huku akinung'unika. Cosima hakwenda kusikiliza bendi wala kutazama taa. Alilaza safu yake upya, kijiwe chini ya kila mkia, akajaza vipande nyuma kimoja kimoja mpaka kucha zikakatika. Wajukuu wa Bi Annina kutoka Ujerumani, macho mekundu kwa kukosa usingizi, walikuja kumtazama kila asubuhi. Jumatano mchana jiwe la kilele likakaa mahali pake, na Alhamisi ikanyesha mvua nzito ya kwanza. Bi Annina alishinda ndani akipapasa godoro lake kwa kiganja, na palikuwa pakavu kote.

Siku hiyo mafundi walijikinga mlangoni kwake wakila. Cosima alikuwa akijiandaa kusikia kwamba kazi ijayo atarudi kwenye ndoo. Donato akauliza swali lilelile ambalo Cosima alikuwa akiliogopa.

"Baba, nyumba ijayo nani atalaza pamoja na sisi?"

"Cosima."

"Baada ya yote haya?"

Mzee Vitantonio alifuta mafuta ya zeituni kwenye ndevu. "Donato, ulipokuwa na miaka kumi na mitano ulilaza vibamba bapa kwa Mzee Cataldo. Nilivijua mvua iliponyesha, na mpaka leo hujaniambia."

Donato akatazama mkate wake.

"Kibamba kibaya kinang'olewa," babu aliendelea, sasa akimtazama mjukuu wake. "Hatutumii saruji, kwa hiyo kosa lolote tunaweza kulifungua na kulirekebisha, mradi mwenye kosa aseme liko wapi. Nilipokuuliza Jumanne, sikupanda kuangalia, kwa sababu nilikuamini. Ulinidanganya, na iliniuma, iliniuma sana. Lakini ulikuwa na nafasi ya kunyamaza milele, na hukunyamaza. Sikiliza, Cosima. Mkono unajifunza kwa mwaka mmoja au miwili. Fundi nisiyeweza kuamini neno lake, huyo simpandishi juu ya kichwa cha mtu aliyelala."

"Sitakudanganya tena, Babu."

"Najua," alisema. "Kula basi, tuna paa jingine kesho."