Jina la Nyanya, Mshipa wa Nyanya

Kule Kanja, mtoto akipewa jina la nyanya yake, watu humtazamia awe nyanya kabisa. Ngari alimpa binti yake jina la mama yake: Wawira, yaani mtu wa kazi. Hata nyumbani alimwita "Mama."

Na kweli walifanana! Wawira alikuwa mrefu kuliko kaka zake, na vidole vyake virefu na vyembamba. Jioni moja alirudi na kuni mgongoni, kamba imekaza kichwani. Ngari akamwonyesha jirani yao Ednah, muuguzi wa zahanati.

"Ona mama yangu! Yeye pia alibeba hivi, hadi siku aliposhika kifua, akaanguka na kuni zake. Alikufa kazini, kama shujaa."

Ednah hakucheka. "Wawira, shika mkono wako hapo mahali saa hukaa."

Wawira akauzungusha kwa vidole vya mkono wa pili. Kidole gumba kilipanda juu ya kidole kidogo, kikakifunika.

"Vidole virefu peke yake si ugonjwa," Ednah alisema. "Lakini na hicho kifo cha ghafla, lazima tuangalie. Kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa Marfan. Ni watu wachache wako nao. Unalegeza ule mshipa mkubwa unatoa damu kwa moyo. Ukibeba mzigo mzito, unaweza pasuka."

Ngari aliwaka. "Unaita jina la mama yangu ugonjwa?"

"Jina ni zuri, Baba Wawira. Mimi naulizia mshipa."

Wawira alitua kuni. "Baba, mimi nataka kujua."

Huko Embu, hospitalini, moyo wake ulipigwa picha. Mshipa ulikuwa umepanuka. Daktari alimpa dawa za kupunguza msukumo wa damu, akamkataza mizigo mizito, akamtaka apimwe kila mwaka.

"Familia yote ipimwe pia," alisema.

Kaka zake walikuwa salama. Ngari alikutwa na ugonjwa uleule. Lakini kuni ni kazi ya wanawake, na yeye hakuwahi kuzibeba hata siku moja! Aliona aibu kwamba mama yake na binti yake ndio walibeba mzigo huku yeye akisalimika, na alistahili.

Sasa kuni hubebwa na kaka yake Wawira, Mutugi, kamba kichwani. Mwaka uliofuata, picha ilionyesha mshipa wa Wawira haujapanuka zaidi.

Vijana walipomcheka Mutugi akipita na kuni pale kiwanda cha kahawa, Ngari alisimama wima.

"Chekeni tu," alisema kwa fahari. "Mama yangu hafi mara ya pili."