Alama Kisiginoni

Nyumba yako inanuka nini ukiamka? Ya Bwana Miti ilinuka utomvu, kama gogo limepasuliwa sebuleni. Mkewe akapiga deki. Akapiga tena. Harufu ikabaki, naye akaizoea, kama mtu anavyomzoea shemeji asiyeaga.

Bwana Miti alikuwa na diploma ya misitu ukutani, kwa hiyo hakuamini majini. Aliamini mchwa. Hata kigoda kilipoonekana na alama, nyota ndani ya duara, alisema mtoto anachezea. Lakini alama hiyo hupigwa kwa nyundo moja tu, ya idara ya misitu, anayoifungia ofisini Bwana Miti mwenyewe, na maana yake ni kwamba mti huu ukatwe. Asubuhi kigoda kilikuwa vipande viwili. Mlango wa jikoni nao ukapata alama, ukapasuka juu hadi chini, mchana, watu wakila. Waliendelea kula.

Majuzi tu alikuwa amesimama mkutanoni kuulilia mti mama, wa mwisho wa aina yake katika msitu wa asili, uliopakwa mkanda mweupe usiguswe, umwage mbegu msitu ujiotee. Wezi wa magogo, alisema, wameghushi alama yetu wakaukata.

Kisha mkewe akaiona alama ile akimwogesha binti yao.

"Baba Kipipi," alisema taratibu, bila kugeuka. "Iko kisiginoni."

Shangazi wa mkewe, mganga asiye na mbwembwe, alifika na kandambili zake, akanusa chumba hadi chumba, akaweka kiganja kwenye kitanda kipya cha mtoto. Kilikuwa na unyevu.

"Hiki mti gani, mkwe?"

"Msonobari, Shangazi. Wa kupandwa. Cha dukani."

Ngo. Mlio wa nyundo, bila mpigaji.

"Nimekuuliza mti gani."

"Si nimekwambia."

Ngo, ukutani, halafu sakafuni, halafu chini ya kitanda alipokaa Kipipi, na mbao zikatoa utomvu, na kutoka kwenye ile alama ukafunguka ufa mwembamba, mkavu, usio na damu, ukaanza kupanda mguuni polepole, na mtoto hakulia, aliutazama tu kama anavyotazama televisheni, na mama yake naye akautazama, tambara la deki mkononi.

"Hakuna wezi," alisema Bwana Miti. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma hali ya hewa. "Nilitaka mbao za kitanda hiki. Ule mti mama niliupiga nyundo mimi."