Dhahabu Haichomwi Jikoni

Kila Jumamosi jioni Otmar alirudi nyumbani kwake Masumbwe kutoka mwaloni, mahali wachimbaji wanaposafishia dhahabu. Mfukoni alikuwa na donge dogo jeupe. Ilikuwa dhahabu iliyoshikana na zebaki, madini ya majimaji ambayo wachimbaji huyatumia kunasa dhahabu.

Otmar alikuwa mtu wa siri kupita kiasi. Hakutaka hata jirani ajue amepata nini. Basi aliingia jikoni, akafunga mlango na dirisha, akaweka donge kwenye kikaango kikuukuu juu ya mkaa. Kisha alimwita binti yake.

"Wema! Njoo uone, mama yangu."

Wema alikuwa na miaka mitatu, na alikuwa hajasema neno hata moja. Alitembea akiyumba. Kikombe kilimponyoka mara kwa mara. Ni mambo machache yaliyomchekesha. Lakini donge lile jeupe lilipogeuka kuwa la njano, alipiga makofi na kucheka. Otmar alimpakata karibu na jiko, maana alikipenda sana kicheko hicho.

Mkewe, Epifania, alikuwa mjamzito. Majirani walimwambia, "Mama Wema, watoto wengine huchelewa tu." Yeye hakutulia. Siku ya kliniki alimchukua Wema, akamweleza nesi Eunice kila kitu.

Eunice alimpa Wema vizibo vya soda achezee, akamtazama kwa muda.

"Baba yake anafanya kazi gani?"

"Mchimbaji."

"Dhahabu anachomea wapi?"

"Jikoni."

"Na wewe unapikia humo humo?"

"Ndiyo, nesi."

"Kesho njoo na baba yake. Mwambie namhitaji yeye mwenyewe."

Otmar alikuja amekunja uso, lakini adabu hakuiacha nyumbani.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, Baba Wema. Kaa. Hebu niambie, zebaki ikipata moto inakwenda wapi?"

"Inaisha."

"Haiishi. Inakuwa mvuke. Huuoni, wala haunuki. Mnauvuta, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo. Ukifunga mlango, unaufungia ndani pamoja na familia yako."

"Mbona mimi mzima?"

"Hata mkubwa inamdhuru, polepole. Mikono yako haitetemeki?"

Otmar aliificha mikono yake chini ya meza.

"Ubongo wa mtoto bado unajengwa," Eunice aliendelea. "Wataalamu wa ubongo wamewachunguza watoto wanaokua karibu na zebaki. Inaweza kuharibu namna wanavyojifunza, wanavyoongea na wanavyotembea. Hata aliye tumboni inamfikia kupitia damu ya mama."

Epifania alishika tumbo lake, akaanza kulia.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemharibu mwanangu?" Otmar aliuliza.

"Sijui, na sitakudanganya. Watoto huchelewa kwa sababu nyingi. Shida wakati wa kuzaliwa, degedege, au masikio hayasikii vizuri. Wema atapimwa hospitali. Lakini ubongo wake bado unakua, anaweza kusaidiwa. Na huyu wa tumboni bado tunaweza kumkinga. Acha kuchomea nyumbani."

"Nikichomea mwaloni, watu wote wataona nilichopata!"

"Waone," alisema Epifania, akijifuta machozi. "Waone, Baba Wema. Mimi nataka watoto wangu."

Otmar alimsaidia mkewe kuinuka, wakaondoka.

Jumamosi iliyofuata alichomea mwaloni, ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba. Mvuke ulipita kwenye bomba, ukapoa, ukarudi kuwa zebaki. Alisubiri chombo kipoe kabisa ndipo akakifungua. Mwenzake Onesmo akachungulia.

"Ndiyo hii uliyokuwa unaifungia mlango? Sisi tulidhani una kilo!"

Watu walicheka. Otmar naye alicheka, japo kicheko chao kilimuuma kidogo.

Nyumbani alitupa jiko na kikaango cha zamani. Alilowesha sakafu ya jikoni ili vumbi lisiruke, akakwangua udongo wa juu na kuuzika mbali na kisima. Epifania na Wema hakuwaruhusu kukaribia. Nguo za kazi alianza kuziacha mwaloni.

Lakini kukikosa kicheko cha Wema kulimnyima raha. Jioni zilikuwa kimya. Ndipo alipofuata ushauri ambao Eunice aliwapa walipoondoka kliniki: kaa naye uso kwa uso, taja kila kitu, kisha subiri. Alichukua vizibo vya soda na kopo la bati.

"Kizibo kinaingia... ndani!"

Kopo lililia kama kengele, na Wema akacheka. Tangu hapo wakacheza kila jioni. Hospitali nako walimpima, wakaanza kumfundisha kutamka na kutembea.

Athanas alizaliwa salama, akilia kwa nguvu. Wema aliendelea kuyumba, ila kidogo kuliko zamani. Neno bado lilikuwa halijatoka.

Jioni moja kopo lilijaa. Otmar aliinuka akaoge. Wema akamshika suruali.

"Tena," alisema.

Otmar aliketi palepale chini, machozi yakimtoka.

"Mama Wema! Njoo usikie!"

Epifania alitoka jikoni mbio na Athanas kifuani. Mlango aliuacha wazi.